Kapteni na Matairi ya Theluji

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivi bila kujivuna, ingawa hata nikijivuna nina haki. Mtu aliyeishia darasa la saba Nanyuki, akaja Doha kulinda mlango wa duka la watu, akasimama kwenye jua la mwezi wa saba mpaka soli ikaachana na kiatu, kisha akawa dereva, kisha akawa na magari matatu makubwa ya jangwani yaliyo chini ya mkono wake, mtu huyo atashangazwa na nini? Nimeona mvua ya nusu saa ikiufunga mji mzima. Nimeona ngamia nyuma ya pikapu, amekunja magoti, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Yote nimeyaona na nikaendelea na safari yangu.

Kwa hiyo mzee ninayemwandika hapa hakunishangaza. Alinikasirisha. Msimu huu, wakati mkataba wangu wa kubeba wageni wa kambi ulikuwa unaning'inia kwa uzi, na kwa uzi huo huo unaning'inia mkopo wa magari, na kwenye mkopo nimening'inia mimi na kibali changu cha kukaa nchi hii, nilikuwa nikiamka alfajiri nimejaa hasira juu ya mtu mmoja tu. Huyo huyo.

Tulimwita Kapteni. Hoteli aliyoiendeshea gari pale Al Sadd ilimvika shati jeupe lenye vipande vyeusi mabegani, kama rubani, na jina likamganda. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, sijui na sikuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimelainishwa na Kiarabu cha Ghuba, na alipokasirika Kiarabu kilitangulia. Jina lake halisi niliwahi kuliona mara moja kwenye kitambulisho, nikalisahau kabla sijakirudisha.

Tulikaa jengo moja Fereej Bin Mahmoud. Yeye ghorofa ya pili, chumba cha vitanda vinne. Mimi ya tatu, peke yangu. Nataja hilo la peke yangu kwa sababu Doha kulala chumba chako mwenyewe ni cheo, na mimi cheo hicho nilikitolea jasho.

Asubuhi ungemkuta kwenye ngazi za mbele, kikombe cha karatasi cha karak mkononi, ile chai nzito ya maziwa na iliki, akingoja gari la hoteli lije kumchukua. Kila nilipopita aliniuliza neno moja.

"Unakwenda wapi, Tajiri?"

"Mbele, Kapteni!"

Hakuniita Tajiri kwa heshima, hilo mtoto mdogo angelijua. Nami nilimjibu hivyo miaka yote, nikirusha funguo juu na kuzidaka. Walinzi wa jengo walicheka. Yeye hakucheka. Alikunywa chai yake.

Kazi yake ilikuwa kuendesha wageni wa hoteli, mjini na jangwani, lakini sifa yake ilikuwa matairi. Mkenya au Mganda yeyote aliyenunua gari la mkono wa pili mtaani kwetu alipelekwa kwake kabla hajapelekwa kwa fundi. Na hapo ndipo alipowakera watu. Hakutoa ushauri wa bure. Chini ya kitanda chake kulikuwa na kopo la maziwa ya unga, limetobolewa tundu kwenye mfuniko, na swali moja lilikuwa riyali tano. Ungekuwa ndugu, ungekuwa jirani, ungekuwa mgonjwa, ni tano.

Dada mmoja nesi, Mkisii, mcheshi sana, alinunua kigari chake cha kwanza akamwita Kapteni chini akitazame.

"Kapteni, niangalizie tu. Matairi yako sawa?"

Kapteni akamwonyesha kopo. Alikuwa ameteremka nalo. "Tano, binti yangu."

"Hata mimi? Si juzi nilikupima presha bure?"

"Na imeshuka? Tano."

Dada akalipa huku akimtukana kwa Kikisii. Kapteni akachuchumaa, akapitisha kidole gumba ubavuni mwa tairi, polepole, macho ameyafumba nusu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Pale ubavuni kuna namba nne ndogo, mbili za wiki na mbili za mwaka, zinazosema tairi lilitengenezwa lini. Kidole kikafika hapo kikasimama.

"Hili ni la mwaka gani, wajua? Hili ni babu yako. Lilizaliwa wewe hujajua hata sindano inashikwa wapi."

"Lakini ni jipya, Kapteni! Ona meno yake!"

"Maiti naye ana meno."

Kisha, na hapa ndipo mtu huyu alipokuwa hasomeki, Ijumaa yake moja ya kupumzika aliitumia yote kuzunguka na yule dada kwenye maduka ya matairi ya eneo la viwandani, duka hadi duka, akipapasa na kukataa, mpaka wenye maduka wakaanza kumfukuza. Teksi alilipa yeye. Alitoza tano akatumia mara kumi yake, na ungemwambia hivyo angekutukana. Na lile kopo likijaa, alinunua sinia la biriani chumba kizima kikala. Nami nilikuwa nikishuka kula. Siku moja alinisukumia paja la kuku akasema, "Kula, Tajiri. Hayo ni maswali ya wenzako."

Wote wakacheka. Mimi nilikula paja. Kulipa mtu aniambie habari za tairi, mimi niliyeendesha kila kitu chenye gurudumu? Sikuwahi kutia hata senti kwenye kopo lile, na nilijisifia hivyo mbele yake.

Alikuwa na misemo yake, mingine ya maana na mingine ya kukuchosha tu. "Tairi haliuawi na mbio, linauawa na kungoja." Maana yake ni kwamba tairi lililokaa ghalani kwenye joto la hapa limekufa kabla halijaguswa na barabara. "Hakuna tairi bora, kuna tairi na kwao." Okello, dereva wangu Mganda, alimlipa tano mara moja ili amwulize tairi gani ni bora kuliko yote, akarudishiwa tano yake. "Hilo si swali," Kapteni akamwambia. "Ni kama kuniuliza chakula gani kizuri. Nani anakula? Ana njaa gani? Ana meno?" Halafu akamweleza bure, kwa hasira. La mjini, gari dogo, joto la kiangazi, chukua jipya la mwaka huu na usitazame sura yake. La barabara ndefu, gari zito, mwendo wa mia na ishirini, taka tairi gumu lisilolainika kwenye lami iliyochemka. La mchanga, taka pana, ubavu wake ukunjike, meno yake yasichimbe, kwa sababu mchangani hupiti kwa kuchimba, unapita kwa kuelea. Na hapo ushuke garini utoe upepo mpaka ubaki nusu na chini ya nusu, na ukirudi kwenye lami uurudishe wote kabla hujakanyaga mafuta.

"Na la mvua?" Okello akauliza.

"La mvua," akasema Kapteni, "kaa nyumbani."

Hakutania. Huyu bwana aliyeshuka vilima vya mchanga vya kusini na wageni wakipiga mayowe ya raha, aliogopa mvua kama paka. Ikinyesha, na hapa hunyesha mara chache mno, alizima simu akajifunika shuka. Hoteli ilikaribia kumfukuza kwa sababu hiyo. "Mchanga ukikukamata unakwambia," alisema. "Maji yanakuchekea."

Mengine ya kwake hayakukaa pamoja. Aliwafokea madereva wakiacha kufunga mkanda, yeye mwenyewe akivaa akala zilizopasuka kisigino, zile ndala za kukatwa kwenye tairi, miguuni mwa mtu wa shati la rubani. Ukimsema alijibu kwamba hilo ndilo tairi pekee analoliamini. Aliswali kwa wakati, kisha akaiba kete kwenye drafti mchana kweupe na ukimkamata anaapa. Alihubiri subira, na foleni ya mkahawani ilimshinda. Isipokuwa foleni moja. Pale lami inapoanza tena ukitoka jangwani kuna mahali pa kujaza upepo, na msimu wa baridi magari hupanga mstari mrefu. Vijana huiruka, wanasema watajazia mjini. Kapteni alikaa kwenye foleni hiyo mpaka wageni wake wakalalamika hotelini. Nilisafiri naye mara moja nikamwona. Alizima redio, akakunja mikono, akangoja. Nilimwambia mtu mwenye akili anapita. Akasema, "Pita basi. Mlango uko hapo."

Sasa nifike kwenye matairi yangu.

Mwanzo wa msimu, joto lilipoanza kushuka na watu kuanza kufunga mahema kwenye magari, nilipata mkataba. Niliupata mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kutambulishwa na mtu. Meneja wa kambi moja ya watalii kule kwenye mchanga alikubali magari yangu matatu yabebe wageni wake msimu wote, kutoka hoteli za mjini hadi hemani. Nilihitaji matairi kumi na mawili. Na Mungu akitaka kukutia adabu, anakupa bei nzuri. Muuzaji mmoja wa mitumba alikuwa na kumi na mawili kamili, yamekuja na magari kutoka nchi ya baridi, mapya, meusi, laini, meno yamekatwakatwa mistari midogo midogo, ubavuni kuna picha ya mlima na nyota ya theluji. Nusu bei.

Nilijua ni ya theluji. Nisidhaniwe mjinga. Nilifikiria. Theluji ni laini na mchanga ni laini. Theluji inateleza na mchanga unateleza. Tairi likishashinda theluji, mchanga ni nini? Na hayo ya theluji nani angenifundisha, mimi niliyekua Nanyuki, mlima mweupe juu ya kichwa changu kila asubuhi ya utoto wangu?

Niliyashusha mbele ya jengo ili yaonekane. Kapteni akainuka kwenye ngazi, akaja, akaweka kidole gumba. Akakibonyeza, kidole kikazama kidogo. Akapitisha kwenye ile picha ya mlima.

"Ya theluji haya."

"Theluji naijua, Kapteni. Nimezaliwa chini yake."

"Ulishaikanyaga?"

"Nimeiona kila siku ya Mungu."

"Hata mwezi tunauona." Akajipangusa mikono kwenye suruali. "Unakwenda nayo wapi?"

"Mbele!"

Akanyoosha kiganja. "Tano, Tajiri. Leo toa tano."

Watu walikuwa wamesimama: walinzi, Okello, yule dada nesi na mwenzake. Nikacheka kwa sauti. "Riyali tano? Mimi? Nikulipe uniambie nilichokinunua mwenyewe?"

"Toa tano," akarudia, na sauti yake ilikuwa chini.

Sikutoa. Akarudi kwenye ngazi, akakaa, akanywa chai yake. Na hakusema neno. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi baadaye. Mzee aliyemzungusha nesi siku nzima kwa nauli yake, mimi aliniacha niende.

Yale meno ya theluji yalichimba. Tulipofika mchangani magari hayakuelea, yalifukua kama kuku anayetaka kutaga. Wageni walikaa juani huku madereva wangu wakipiga koleo, na meneja wa kambi akalazimika kutuma magari yake kutuvuta. Mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili hakutabasamu. Na kwenye lami ule ulaini niliousifia ukawa ugonjwa, matairi yakaliwa mbele ya macho yangu kama kifutio cha mwanafunzi. Kisha siku moja Okello, akirudi bila wageni, namshukuru Mungu, alikuta ile foleni ya upepo ndefu, akaipita. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia simu afanye haraka. Tairi laini, upepo nusu, gari zito, mia na ishirini. Tairi lilivua ngozi yake, gari likaenda kwenye chuma cha kando ya barabara, mkono wa Okello ukavunjika mara mbili. Gari lile halitengenezeki.

Meneja hakupiga kelele. "Alhamisi asubuhi, abu-shabab," aliniambia, yaani baba wa vijana, jina alilonipa siku tulipofurahiana. "Magari yote mawili yaliyobaki, mchangani, yakitembea. Yasipotembea, khalas, tumemalizana."

Ilikuwa Jumatatu. Mkopo wa magari ulikuwa umeshakula kila kitu. Nilikuwa na pesa za matairi manne tu, na magari mawili yanataka manane. Nilizunguka maduka yote aliyozunguka Kapteni. Kila muuzaji aliniambia lake: chukua ya mchanga, chukua ya lami, chukua ya katikati yanakwenda kote. Nilibonyeza kwa kidole gumba kama nilivyomwona akifanya. Kidole changu hakikuniambia chochote. Jumatano nilijikuta nimekaa ukingoni mwa barabara, mimi mwenye magari, nalia mchana watu wakipita.

Kapteni hakuwepo tena jengoni. Alikuwa amekwenda kuhuisha leseni, akapimwa macho, akaambiwa herufi zile ubaoni anazozisoma hazipo. Macho yalikuwa yanakwisha zamani. Hoteli ilimkatia keki na tiketi ya kurudi nyumbani. Nilipoambiwa, ndipo kile kidole gumba kilipoeleweka. Sote tulidhani ni madaha. Mzee alikuwa anasoma namba kwa ngozi kwa sababu kwa macho hazikuwepo, na ndiyo maana aliogopa mvua, kioo kikilowa hana tena barabara. Akatuficha sote, huku akitupa mahubiri ya usalama. Nilimkasirikia upya. Kisha nikapanda gari kumtafuta.

Alikuwa Al Thumama, kwa mpwa wake wa kike, akingoja siku ya kusafiri. Mpwa alinifungulia baada ya alasiri. Kapteni alikuwa ameketi kwenye godoro, begi limefungwa kando yake, akala miguuni.

"Shikamoo, Kapteni."

Miaka yote sikuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba." Akainamisha kichwa. "Sauti ya Tajiri. Shikamoo ni ya mtu mwingine. Keti."

Nilimwambia yote. Ndege zinapita chini sana kule, kwa hiyo nilisimama katikati ya maneno mara mbili tatu kungoja ipite. Nilipomaliza hakuonyesha huruma. Aliingiza mkono nyuma ya begi akatoa kopo.

"Kapteni! Mimi naangamia!"

"Naona." Akacheka kidogo, peke yake. "Yaani, nasikia."

"Ulijua! Siku ile ulijua, ukaninyima neno kwa ajili ya riyali tano. Mkono wa Okello, Kapteni. Kwa riyali tano!"

"Okello nampigia simu kila siku," akasema. "Ya yule nitayajibu mimi kwa Mungu, sikatai. Wewe sikukunyima. Bei uliijua."

"Ungeniambia tu! Bure!"

"Ya bure nilikupa kila asubuhi. Pale ngazini nilikuuliza nini?"

Ndege ikapita. Nilitamani isimalize.

"Nilikuuliza unakwenda wapi. Ukanijibu nini?"

"Mbele."

"Mbele si mahali, mwanangu."

Nilitoa pochi. Nilikuwa na noti ya hamsini. "Chukua yote," nikasema, maana hata pale, Mungu anisamehe, nilitaka kuonekana mkubwa. Akaipokea, akaipapasa pembe kwa pembe, akafungua kopo, akanirudishia zilizozidi, noti moja baada ya nyingine, kila moja akiisoma kwa kidole kabla hajaiachia.

"Haya. Unakwenda wapi?"

Nikajibu kama mtoto shuleni. "Asubuhi nachukua wageni hotelini Al Sadd. Naenda kusini kwa lami mpaka lami inapokatika. Halafu mchanga mpaka kambini. Jioni narudi hivyo hivyo."

"Umesikia? Umesema barabara mbili."

"Si yapo matairi ya katikati?"

"Yapo. Yanataka dereva anayeshuka garini mara mbili kila safari, kutoa upepo na kuurudisha, hata foleni ikiwa ndefu, hata bosi akipiga simu. Unaye?" Sikuwa naye. "Basi acha mchanga. Yule meneja ana magari ya mchanga, si ndiyo yaliyokuvuta? Mwambie hivi: nitakuletea wageni wako mpaka mwisho wa lami, kwa wakati, hawajachafuka. Magari yake yawapokee pale. Nunua manne ya lami, ya mwaka huu. Yafunge gari moja. La pili lirudishe kwa mwenye mkopo kabla hajalifuata."

"Gari moja, Kapteni?"

"Ulikuja Doha na mangapi?"

Alhamisi nilisimama mbele ya meneja nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza sifa. Akasema sawa, mpaka msimu uishe, kisha tutaona. Kwa hiyo bado naning'inia, ila uzi haujakatika. Naendesha mwenyewe. Nikifika lami inapokatika nasimama, wageni wanateremka, na mimi nageuza. Kapteni ameshaondoka. Ndege yake sikujua ni ipi.

Watu mtaani huniuliza shule ile ilinigharimu kiasi gani. Gari lililovunjika lina hesabu yake, lililorudi kwa mwenye mkopo lina yake, na mkono wa Okello hauna bei. Hayo ni gharama ya miaka ya kujibu "mbele". Lakini jibu lenyewe nililitafuta kila pembe ya mji huu, na mwenye nalo hakunizidishia wala hakunipunguzia. Nilimlipa riyali tano.